Grupu la Maswali Halikai Pamoja na Grupu la Maagizo

Katika halmashauri ninayofanyia kazi zipo zahanati ambazo anayejaza taarifa za mwezi ndiye huyo huyo anayezalisha, anayechanja, anayegawa dawa na anayefungua mlango asubuhi. Wagonjwa wakiisha anakaa chini na rejista, anahesabu mstari kwa mstari, anajumlisha. Kama kituo chake kina kompyuta na mtandao, anaingia kwenye DHIS2, programu ya kukusanyia takwimu za afya, na kujaza fomu mwenyewe. Kama hakina, anapanda bodaboda na makaratasi yake mpaka wilayani tumjazie. Mfumo ukimgomea saa mbili usiku hana wa kumuuliza. Mwenzake wa karibu yuko kijiji kingine, na mimi mratibu wa MTUHA, yaani wa taarifa za afya, muda huo napigiwa na wengine walio katika hali hiyo hiyo.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwakutanisha watu hawa kwa WhatsApp, Telegram, Facebook na X: kwanza wa halmashauri yetu, halafu wa mikoa mingine, mwishowe hata wa nchi jirani. Naandika niliyojifunza kwa sababu naona ofisi nyingi, za afya na zisizo za afya, zikileta programu mpya kazini, zikifungua grupu na kuingiza kila mtu, na baada ya muda mfupi grupu linabaki la salamu za asubuhi na matangazo ya michango. Anayetumia programu anaendelea kuhangaika peke yake kama zamani.

Kwa msomaji aliye nje ya sekta: MTUHA ni Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, tulionao Tanzania tangu miaka ya 1990. Vitabu vyake tunaviita kwa namba. Kitabu cha 5 ni cha wagonjwa wa nje, cha 6 wajawazito, cha 7 watoto, cha 12 wanaojifungua. Jumla za vitabu hivyo ndizo zinazoingia kwenye DHIS2. Programu hii ilizaliwa Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1990, ubaguzi wa rangi ulipokwisha, pale wataalamu wa huko na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, walipotaka wilaya izitumie takwimu zake yenyewe badala ya kuzipeleka juu tu. Toleo la pili, linalofunguka kwenye kivinjari, lilitengenezwa Oslo miaka ya 2000. Kenya ililisambaza nchi nzima mwaka 2011 baada ya kulijaribu Mkoa wa Pwani. Tanzania usambazaji ulikamilika 2013, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mkono mkubwa katika kazi hiyo. Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanaitumia pia. Maana yake, sehemu kubwa ya watu wanaoitumia kila mwezi kuanzia Mombasa hadi Bukavu wanaweza kusemezana kwa Kiswahili. Utajiri huo tulikuwa tumeukalia bila kuutumia.

Sasa niseme lililo kubwa kuliko mengine yote, nalo ni nani yumo kwenye grupu.

Karibu kila halmashauri ina grupu lenye mganga mkuu, waratibu wote na waganga wafawidhi. Humo ndimo yanamopita maagizo. Ifikapo mwisho wa muda wa kutuma taarifa, orodha inawekwa: vituo vifuatavyo havijatuma. Majina yanasomwa na wote. Grupu hilo lina kazi yake na silidharau. Bila hilo taarifa zingechelewa zaidi. Ila hakuna anayeuliza swali humo. Nesi ambaye hajui kwa nini fomu yake haionekani hawezi kuandika "sijui" mbele ya mtu anayesaini likizo yake na kumjazia tathmini ya utendaji. Atanyamaza, au atakuja inbox.

Na inbox yangu ilikuwa inajaa. Swali lile lile lilikuja kutoka vituo tofauti, kila mmoja akiamini ni yeye peke yake aliyekwama. Dada mmoja wa zahanati ya pembezoni aliniandikia: "Dada samahani kwa usumbufu, nimejaza zote tangu tarehe nne, leo naambiwa kituo changu hakijatuma. Au nimefutwa kwenye mfumo?" Hakuwa amefutwa. Hakuwa amebonyeza kitufe cha Complete. Kwenye DHIS2 kiwango cha utumaji hakihesabu visanduku vilivyojazwa, kinahesabu fomu zilizotiwa alama kwamba zimekamilika, na tarehe ya kubonyeza kitufe hicho ndiyo inayoamua kama umewahi au umechelewa. Unaweza kujaza fomu yote vizuri tarehe mbili na bado ukaonekana hujatuma kitu. Wakati namjibu, nilikuwa nimeshawaandikia watu wengine maneno yale yale, nao walikuwa wameona aibu ile ile.

Nikaona tunahitaji grupu la pili, la wanaogusa fomu tu. Sikulifungua kimyakimya. Nilikwenda ofisini kwa mganga mkuu nikamweleza: hili ni la maswali, kiongozi hatakuwemo, wala halichukui nafasi ya lile la maagizo. Aliuliza kwa upole, "Kwa hiyo mtakuwa mnatusema?" Nikamjibu, "Hapana Dokta, tutakuwa tunaulizana, na kila mwezi nitakuletea muhtasari wa yanayowasumbua, bila majina." Akakubali. Ruhusa ile ilitusaidia sana. Grupu la watumishi lililofunguliwa kwa siri linaishi na hofu, kila mtu anajiuliza nani atapeleka skrinishoti juu. Grupu ambalo bosi analijua na amekubali kukaa nje yake linapumua.

Ndani ya wiki ya kwanza ya kujaza fomu, mambo yalianza kutoka. Mmoja aliuliza kwa nini amejaza asubuhi lakini chati haioneshi kitu. Jibu ni kwamba fomu na chati hazisomi mahali pamoja. Chati na majedwali vinasoma hesabu zilizoandaliwa tayari, na maandalizi hayo kwa kawaida hufanyika usiku, kwa hiyo ulichojaza leo unakitarajia kesho. Mwingine alisema anaweka sifuri kwenye kisanduku na akirudi anakuta pako wazi. Hilo nalo lina maelezo: mfumo kwa kawaida hautunzi sifuri, isipokuwa kwa vipengele ambavyo watengenezaji wa fomu wameamua sifuri yake ina maana. Hapo kaka mmoja wa kituo cha afya akaongeza jambo zito kuliko nilivyotegemea. Kwa vifo vya kinamama, alisema, sifuri na pengo si kitu kimoja. Sifuri inasema tumeangalia, hakuna aliyekufa. Pengo linasema hatujui kama uliangalia.

Lililowauma wengi ni la mtandao kukatika. Kwenye fomu ya kujazia tuliyoizoea, mtandao ukiondoka unaweza kuendelea kujaza. Namba zinakaa ndani ya kivinjari cha kompyuta hiyo mpaka mtandao urudi uzipandishe. Ni msaada mkubwa vijijini. Lakini mtu aliyejazia steshenari ya mjini, mtandao ukakatika, akaondoka akidhani kazi imekwisha, namba zake zimebaki kwenye kompyuta ya watu. Kijana wa steshenari akisafisha kivinjari jioni, zimekwenda. Muuguzi mmoja alieleza jinsi alivyopoteza fomu nzima ya wagonjwa wa nje kwa njia hiyo, na alieleza akiwa bado na uchungu. Waliomjibu hawakumkemea. Watatu wakaandika kwamba nao yaliwakuta. Hakuna semina niliyohudhuria iliyofanya kile ambacho yale majibu matatu yalifanya kwa yule mama. Tangu siku hiyo akawa miongoni mwa wanaoongoza kwa kujibu wageni.

Hilo la kujibu lina nidhamu yake. Mratibu akiwa mwepesi wa kujibu, grupu linageuka dawati lake la huduma, na siku akisafiri kila kitu kinasimama. Nikiona swali ninalolijua, naliacha kwanza. Naweza kumtag mtu ninayejua alilitatua mwezi uliopita: "Nesi wa kituo fulani, wewe si ulikutana na hili?" Anajibu kwa lugha ya aliyepitia, ambayo ni fupi na ya moja kwa moja kuliko yangu. Jibu likiwa na kasoro narekebisha kwa kuongezea, siyo kwa kumkosoa mbele za watu. Aliyejibu akafedheheshwa harudi tena, na walioshuhudia nao wanajifunza kukaa kimya.

Swali lenyewe tulilipa umbo, maana "mfumo unasumbua" haijibiki. Tulikubaliana: taja fomu, taja mwezi, sema ulibonyeza nini na ukaona nini, weka picha. Majina ya vitufe yaandikwe kama yalivyo kwenye skrini, herufi kwa herufi, hata kama maelezo yote ni ya Kiswahili, ili anayesoma akitafute kitufe kile kile. Picha iliyopigwa kwa simu juu ya skrini ya kompyuta inatosha kabisa. Nimeona watu wakikata tamaa ya kuuliza kwa sababu hawajui kuchukua skrinishoti kwenye kompyuta, na hilo si sharti la kusaidiwa. Wapo wenye umri mkubwa ambao kuandika kwa kidole kunawachosha, hao wanatuma sauti. Sauti ni nzuri kwa anayeuliza, lakini haitafutiki wiki ijayo, kwa hiyo anayejibu anaandika swali kwa sentensi moja juu ya jibu lake. Video ndefu tuliziepuka. Mtu anayejiwekea bando la siku hawezi kumaliza bando hilo kwa mafunzo ya nusu saa. Kipande cha dakika moja kinachoonesha kitu kimoja tu kinatazamwa na wote.

Mjadala ninaoukumbuka kuliko yote ulihusu chanjo, na ulitokea baadaye, tulipokuwa tumeshawapata wenzetu wa mikoa mingine na wa nchi jirani. Mtoto anapata Penta, chanjo inayokinga magonjwa matano, ya kwanza akiwa na wiki 6, ya pili wiki 10, ya tatu wiki 14. Kwa mantiki ya kawaida, waliopata ya tatu hawawezi kuzidi waliopata ya kwanza, kwa kuwa wapo wanaoacha njiani. Mfumo una ukaguzi wake, na ukikuta ya tatu imezidi unatoa onyo. Nesi wa zahanati iliyo kando ya ziwa aliweka picha ya onyo hilo akauliza apunguze namba ipi.

Swali hilo lilinishtua, kwa sababu linaonesha kitu kinachotendeka kimyakimya: mtu anapunguza namba ili onyo liondoke. Mfumo unanyamaza, taarifa inaonekana safi, na watoto kadhaa waliochanjwa kweli wanafutwa kwenye hesabu. Nilikuwa nataka kujibu upesi, nikajizuia. Aliyejibu kwanza alitoka mkoa mwingine kabisa, nako ni kwenye ziwa. Akauliza: "Huko kwenu msimu wa dagaa umeanza?" Ulikuwa umeanza. Kina mama wanawafuata waume zao kwenye kambi za uvuvi, watoto wao wamepata chanjo ya kwanza huko walikotoka, wanakuja kupata ya tatu kambini. Mwingine wa maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu akasema kwao ni hivyo hivyo kila mgodi mpya unapofumuka. Dada wa Pwani ya Kenya akaleta sababu nyingine: chanjo iliisha stoo kwa muda, ilipofika wakaja kwa pamoja wote waliokuwa wanasubiri dozi ya tatu, huku wanaoanza wakiwa wachache mwezi huo. Wa nne akasema kwake lilikuwa kosa kweli, mtu alikuwa anapiga alama za dozi ya pili kwenye mstari wa tatu.

Kwa hiyo namba moja ilikuwa na sababu nne, tatu za kweli na moja ya kalamu, na huwezi kuzitofautisha ukiwa umekaa mbele ya kompyuta. Lazima urudi kwenye rejista na kadi za watoto uone dozi ya kwanza ilitolewa wapi. Tukakubaliana: onyo likitokea, hakiki kwenye kitabu kwanza, ukikuta namba ni sahihi, iache kama ilivyo na andika maelezo kwenye nafasi ya maoni iliyopo katika kisanduku hicho hicho. Wengi hawakujua kama nafasi hiyo ipo. Yule nesi alihakiki, akakuta watoto wake ni wa kambini, akaiacha namba yake. Na mimi kwenye muhtasari wa mwezi ule nilimwandikia mganga mkuu kwamba kambi za uvuvi zinahitaji chanjo ya mkoba, yaani ya kuwafuata walipo, msimu huu, jambo ambalo lilitoka kwenye swali la kitufe.

Naamini hapa ndipo thamani ya jamii ya watumiaji ilipo. Mwongozo wa programu unaweza kukueleza onyo lina maana gani. Hauwezi kukuuliza kama msimu wa dagaa umeanza.

Kuvuka mipaka kulikuja polepole. Nilikuwa nafuatilia alama ya #DHIS2 kwenye X na kurasa za Facebook, nikaona jinsi nchi zinavyopeana kazi. Januari 2020, kabla Uviko-19 haijafika kwetu, wataalamu wa Sri Lanka walitengeneza ndani ya DHIS2 moduli ya kufuatilia wasafiri wanaoingia nchini, na nchi nyingine zikaichukua na kuibadilisha kwa mahitaji yao. Nikajiambia, ikiwa moduli nzima inaweza kusafiri, swali la nesi wa zahanati linasafiri kirahisi zaidi. Nikaanza kuweka kwenye X swali moja la wiki kwa Kiswahili, lililokwishajibiwa, bila jina la kituo. Wakaanza kujitokeza: maafisa wa rekodi za afya wa Kilifi na Kwale, mtu wa Lubumbashi, wengine wa Goma na Bukavu ambao fomu zao ni za Kifaransa, na kaka wa kaskazini ya Msumbiji ambako mfumo wao wa SIS-MA umejengwa juu ya DHIS2 na vitufe vyake ni vya Kireno. Kaka huyo aliniambia hapo awali hakuwahi kumwona mtu akieleza programu hii kwa lugha anayoongea sokoni.

Kila mtandao una tabia yake. Facebook ilitupa watu wengi na mazungumzo machache, pia wauza vyeti vya kozi. LinkedIn ni pa wanaotafuta kazi, wanaonesha walichokwishafanikisha, na mtu hawezi kuuliza swali la mwanzo mbele ya waajiri. X ni nzuri kwa kutafutana, mbaya kwa kusaidiana. WhatsApp ndiyo iliyo kwenye simu ya kila mtu, hata ile inayoishiwa nafasi kila wiki, na ndiyo maana maswali ya dharura yanabaki humo. Lakini zamani ilikuwa na kikomo cha watu 256, na aliyeingia leo hakuweza kuona yaliyojibiwa jana. Kwa hiyo kundi kubwa la nchi mbalimbali tuliliweka Telegram, ambako mgeni anaweza kupekua ya nyuma, na ambako mada zinatenganishwa: chanjo, uzazi, wagonjwa wa nje, nywila na ruhusa.

Novemba 2023 Telegram ilisumbua Kenya wakati wa mitihani ya KCSE, ya kumaliza sekondari, na wenzetu wa huko wakatoweka ghafla katikati ya kazi. Mei 2025 X ikazuiwa Tanzania. Mitandao hii si mali yetu, inaweza kufungwa asubuhi na mtu ambaye hana habari kama una fomu ya kumaliza. Tangu hapo majibu mazuri tunayakusanya kwenye faili moja dogo la maandishi, halina picha nzito, tunalituma WhatsApp, kwa barua pepe, na wengine wameligeuza karatasi wakalibandika ukutani juu ya kompyuta. Katika zahanati moja nililikuta limebandikwa ndani ya jalada la Kitabu cha 5.

Kuhusu siri sina mzaha hata kidogo. Rejista ina majina, umri, kijiji, na wakati mwingine majibu ya vipimo. Mtu akipiga picha ya ukurasa ili kuuliza namna ya kujumlisha, amewaanika wagonjwa wake mbele ya mamia ya watu wa nchi sita. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, lakini hata kabla ya sheria kulikuwa na kiapo. Kanuni yetu ni kwamba picha ya fomu ya jumla inaruhusiwa, picha ya rejista hairuhusiwi hata ukifunika majina kwa kidole. Ikitokea, admini anaifuta papo hapo kisha anampigia aliyeiweka simu, anazungumza naye pembeni. Nywila ni hivyo hivyo. Wapo waliokuwa wakituma jina la mtumiaji na nywila hadharani, "nisaidieni kuingia". Na hili liliwahi kutokea: mtu asiyejulikana alikuwa akiwafuata wageni inbox akijitambulisha kuwa admini, akiwaomba nywila "ahakiki akaunti". Tukatangaza kwamba hakuna admini anayeomba nywila, kwa hali yoyote, na tangazo hilo linarudiwa kila mwanachama mpya anapoingia.

Tena, maelezo ya mwenzako si waraka wa Wizara. Hilo lilihitaji kusemwa mara nyingi. Mtu wa mkoa mmoja anaweza kueleza fomu iliyobadilishwa mkoani kwake au nchini kwake, mwingine akaifuata na kuharibu. Jibu linaloeleza kitufe linaweza kutoka kwa yeyote. Jibu linaloeleza nani ahesabiwe wapi linahitaji mwongozo rasmi, na kama haupo, swali linapanda mkoani. Nimepeleka mengi kwa njia hiyo. Mengine yalijibiwa kwa simu siku hiyo hiyo, mengine yamekaa, na mara moja nilifurahi sana kuona kipengele tulichokilalamikia kwa muda kimebadilishwa maelezo yake kwenye fomu.

Kuna ushauri unaotolewa sana kwamba grupu lisipokuwa na harakati kila siku linakufa. Kwa kazi yetu si kweli. Nusu ya kwanza ya mwezi ndiyo ya kujaza na kuhakiki, na hapo grupu halilali. Baada ya hapo watu wanarudi kwa wagonjwa, na kunyamaza kwao ni kwa halali. Nilipoona admini mwenzangu akijaza siku hizo kwa nukuu za kutia moyo na maswali ya bahati nasibu, nilimwomba aache, kwa sababu watu walikuwa wameanza kulizima sauti, na grupu lililozimwa sauti tarehe 20 halisikiki tarehe 3. Siku mbili tatu kabla ya mwezi kuisha tunaweka ujumbe mmoja tu: jaribu nywila yako sasa kama bado inafanya kazi, hakiki vitabu vimejumlishwa, mwenye uhamisho amkabidhi anayebaki.

Huo uhamisho ndio unaovunja kazi nyingi. Mtumishi aliyeelewa mfumo anahamishwa, anaacha kiti kwa mtu ambaye hajawahi kuufungua, na kwenye simu yake ya zamani ndiko kulikokuwa na kila kitu. Kwa hiyo admini hawi mmoja, wala hawatoki wote halmashauri moja, na anayehama anabaki kwenye grupu mpaka mrithi wake aseme anajitegemea. Mimi mwenyewe nimeshajiondoa kwenye uadmini wa lile kundi kubwa. Zamu ya sasa ni ya tabibu kijana wa kituo cha afya, na ameleta utaratibu ambao sikuwahi kuufikiria: kila mwisho wa mwezi anaweka fomu iliyojazwa, jina la kituo limeondolewa, wenzake waikague kama wanavyokagua ya kwao.

Fomu ya mwezi uliopita ilizua swali ambalo bado linajadiliwa. Mama ametoka zahanati kwa rufaa, amejifungua ndani ya gari la wagonjwa kabla ya kufika kituo cha afya. Nesi wa zahanati alikuwa naye garini na ndiye aliyempokea mtoto; kituo cha afya ndicho kilichomwandikisha na kumhudumia baada ya hapo. Kwenye fomu tuliyoikagua vituo vyote viwili vilikuwa vimemhesabu. Mwanachama mmoja wa Rukwa akasema kwao ilitokea kinyume chake, hakuna aliyemhesabu, kila upande ulidhani mwenzake ameshaandika. Wa Kongo wameeleza wanavyofanya wao, wa Kenya nao, na havifanani. Tumeliandika swali pamoja na mifano yote miwili, limekwenda mkoani na muhtasari wa mwezi huu.